Kilo Ngapi Katika Nafasi Gani

Tarehe 23 Julai 1983, ndege mpya aina ya Boeing 767 ya shirika la Air Canada iliondoka Montreal kwenda Edmonton, ikipitia Ottawa. Ilikuwa na abiria 61 na wafanyakazi 8. Ikiwa angani, kimo cha futi 41,000, injini ya kushoto ilizimika. Muda mfupi baadaye ya kulia nayo ikazima. Injini zenyewe hazikuwa na kasoro yoyote. Mafuta yalikuwa yamekwisha katikati ya safari, na chanzo chake kilikuwa namba moja iliyoandikwa kwenye karatasi za mjazaji mafuta: 1.77.

Kifaa cha kuonyesha kiasi cha mafuta kilikuwa kibovu siku hiyo, kwa hiyo mafundi walipima kwa vijiti maalumu vilivyo chini ya mbawa. Vijiti vilionyesha kwamba matangini mna lita 7,682. Safari nayo ilihitaji kilo 22,300. Tayari kuna lita upande mmoja na kilo upande wa pili, na huwezi kutoka huku kwenda kule bila kujua densiti ya mafuta, yaani kila lita moja ina uzito kiasi gani.

Namba 1.77 haikuwa ya uongo. Lita moja ya mafuta ya ndege ina ratili 1.77, na kwa miaka mingi ndege za Canada zilipimiwa mafuta kwa ratili. Ila nchi hiyo ilikuwa inahamia mfumo wa metriki, na ndege hii ilikuwa miongoni mwa za kwanza za shirika hilo kutumia kilo. Kwa kilo, namba iliyotakiwa ilikuwa 0.803.

Wakazidisha 7,682 kwa 1.77, wakapata 13,597. Zilikuwa ratili, wao wakaziita kilo. Wakazitoa kwenye 22,300, zikabaki 8,703. Wakagawanya kwa 1.77, wakapata lita 4,916 za kuongeza, na hizo ndizo zilizotiwa. Kwa namba sahihi wangeongeza lita 20,088. Ndege ikaruka na kilo 10,000 na ushee, chini ya nusu ya mahitaji yake. Kompyuta ya ndege iliambiwa kuna kilo 22,300, nayo ikapiga hesabu zake zote kwa kuamini hivyo. Walipotua Ottawa mafuta yalipimwa tena kwa vijiti, na ile 1.77 ikatumika mara ya pili.

Waliokuwamo waliokoka kwa ustadi wa marubani wao. Kapteni Robert Pearson alikuwa mzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, na msaidizi wake, Maurice Quintal, aliwahi kuhudumu katika kituo cha zamani cha jeshi la anga huko Gimli, jimbo la Manitoba, akakumbuka kwamba pale kuna njia ya kurukia. Hakujua kwamba sehemu ya njia hiyo ilikuwa imegeuzwa uwanja wa mashindano ya magari, na kwamba siku ile familia zilikuwa zimekusanyika kutazama. Ndege ilitelemka kimyakimya, ikatua, gurudumu la mbele likakunjika, pua ikaburuzika kwenye lami hadi ikasimama. Watu wachache waliumia kidogo wakati wa kushuka. Hakufa mtu. Ndege ile ilitengenezwa, ikaendelea kufanya kazi hadi mwaka 2008.

Kilichopotea kwenye karatasi zile ni neno dogo lililopaswa kusimama nyuma ya namba: ratili kwa lita, au kilo kwa lita. Katika hesabu za densiti neno hilo lina kazi kubwa kuliko katika vipimo vingine vingi, kwa sababu densiti hubeba vizio viwili kwa pamoja. Juu kuna uzito (wanafizikia hupenda kusema tungamo), chini kuna ujazo. Kubadili densiti ni kubadili vyote viwili, na kila kimoja kina mwendo wake.

Mwendo wa ujazo ndio unaowaangusha wengi. Mita moja ina sentimita 100, hilo kila mwanafunzi wa shule ya msingi analijua. Lakini mita moja ya ujazo ni sanduku lenye upana wa sentimita 100, urefu wa sentimita 100 na kimo cha sentimita 100. Ukizidisha, unapata sentimita za ujazo 1,000,000. Sanduku hilo si kitu kigeni: ndiyo uniti moja ya maji kwenye bili ya mwezi, ndiyo tangi la plastiki la lita 1,000 linalokaa juu ya nyumba nyingi za mijini. Na kwa kuwa ni maji, lina kilo 1,000, yaani tani nzima, jambo ambalo fundi anayelipandisha juu ya paa la mbao hana budi kulifikiria mapema.

Sasa tuchukue chuma. Kitabu kinasema densiti yake ni gramu 7.87 kwa sentimita ya ujazo. Tunataka kilo kwa mita ya ujazo. Anayefanya haraka hufikiri hivi: kilo ni kubwa kuliko gramu, mita ni kubwa kuliko sentimita, basi namba lazima ipungue. Inapanda! Gramu moja ni kilo 0.001, sentimita moja ya ujazo ni mita ya ujazo 0.000001, na 0.001 ukiigawanya kwa 0.000001 unapata 1,000. Chuma kina kilo 7,870 kwa mita ya ujazo. Uzito ulibadilika mara elfu moja, ujazo ukabadilika mara milioni moja, na ujazo ndio uliokuwa chini ya mstari wa kugawanya.

Atakayesahau ujazo na kutumia 100 badala ya 1,000,000 atapata kilo 0.787 kwa mita ya ujazo. Hapo ndipo inapofaa kuwa na namba mbili kichwani za kusailia jibu. Maji ni 1,000. Hewa, usawa wa bahari na katika joto la kawaida la chumbani, ni 1.2 hivi. Chuma cha 0.787 ni chepesi kuliko hewa. Kingepaa kama puto. Jibu la namna hiyo hujitangaza lenyewe kuwa limekosewa, ili mradi kuna anayelitazama kabla ya kulitumia.

Maji kuwa 1,000 kamili kwa kizio kimoja na 1 kwa kingine hakukutokea kwa bahati. Mwaka 1795 Ufaransa, ikiwa katika mapinduzi yake na imechoshwa na vipimo vilivyotofautiana mji kwa mji, ilipitisha sheria iliyosema gramu ni uzito wa sentimita moja ya ujazo ya maji safi, katika joto la barafu inayoyeyuka. Miaka michache baadaye wapimaji walichagua joto la nyuzi 4 badala yake, kwa kuwa hapo ndipo maji huwa mazito kupita joto lingine lolote. Mwaka 1799 kilo ya platinamu ikawekwa kwenye hifadhi ya taifa jijini Paris. Kwa hiyo kilo ilizaliwa ikiwa na densiti ya maji ndani yake. Platinamu ile ilitoka nzito kwa kiasi kidogo mno kuliko ilivyokusudiwa, na tofauti hiyo ikaja kuleta utata: mwaka 1901 wakuu wa vipimo wa kimataifa waliifafanua lita kuwa ujazo wa kilo moja ya maji, na hivyo ikawa desimita za ujazo 1.000028. Ndogo, lakini kwa maabara iliyokuwa inapima kwa makini ni kero ya kweli. Mwaka 1964 lita ikarudishwa kuwa desimita moja ya ujazo, basi. Tangu Mei 2019 kilo yenyewe haitegemei tena maji wala platinamu, bali namba isiyobadilika ya fizikia inayoitwa konstanti ya Planck. Lakini ile 1,000 ya maji imebaki palepale kwa matumizi yote ya kawaida, na ni zawadi kubwa kwa kila anayepiga hesabu.

Nchi zinazotumia ratili na futi hazina zawadi hiyo. Kwao maji ni ratili 62.4 kwa futi ya ujazo, au ratili 8.35 kwa galoni ya Marekani, au ratili 10 kwa galoni ya Uingereza. Ratili moja kwa futi ya ujazo ni kilo 16.02 kwa mita ya ujazo. Mhandisi wa Dodoma anayesoma kitabu cha Marekani huiweka namba hiyo karibu.

Wapo wanaobadili densiti kila asubuhi bila kuiita jina hilo. Katika vituo vya kukusanyia maziwa, kuanzia nyanda za juu za Kenya hadi Tanga na Rungwe, mpokeaji hulikoroga dumu la mkulima, humimina maziwa kwenye silinda ndefu, kisha hutumbukiza laktometa polepole na kuizungusha kidogo isigande ukutani. Laktometa ni kibomba cha kioo chenye uzito chini na mistari kwenye shingo. Ikitulia, anainama hadi jicho lake liwe sawa na uso wa maziwa, anasoma mstari. “Ishirini na tisa,” anasema, na maziwa yanapita.

Ishirini na tisa ya nini? Ni mkato. Densiti ya maziwa hayo ni gramu 1.029 kwa mililita, yaani kilo 1,029 kwa mita ya ujazo, na waliobuni kifaa waliondoa ile elfu ya maji wakabakisha ziada peke yake. Maziwa mazima ya ng’ombe huwa kati ya 26 na 32 hivi, na 0 ni maji. Mtu akitia lita moja ya maji katika kila lita tisa za maziwa ya 29, laktometa itashuka hadi 26. Joto nalo lina sehemu yake, kwa kuwa maziwa ya moto hutanuka na kuwa mepesi. Ndiyo maana kifaa hutengenezwa kwa joto maalumu, mara nyingi nyuzi 20, na maziwa yaliyotoka kukamuliwa hulazimika kusubiri au kusahihishiwa namba.

Kifaa hiki kina udhaifu unaostahili kujulikana. Mafuta ya maziwa ni mepesi kuliko maji. Mtu akiengua utando wa juu, ile krimu, maziwa yaliyobaki huwa mazito zaidi, laktometa hupanda kufika 35 au zaidi. Akishatia maji kidogo, namba inarudi 29 na mpokeaji haoni kitu. Ndiyo maana vituo vyenye uwezo hupima mafuta pia. Densiti ni jumla ya vyote vilivyomo, haisemi ni nini kimetoka na nini kimeingia.

Kuna jambo la fedha pia. Mkulima nyumbani hupima kwa lita, kwa kopo au dumu, huku vituo vingi vikipokea kwa mizani. Lita 20 za maziwa mazuri ni kilo 20.6. Bei ikiwa imepangwa kwa kilo, mkulima anayeandikiwa kilo 20 kwa lita 20 anapoteza zaidi ya nusu kilo kila siku, na mwisho wa mwezi ni karibu kilo 18. Hakuna aliyeiba kwa makusudi, pengine; ila mtu ameshika lita na kilo kama kitu kimoja, na gharama yake imemwangukia mwenye ng’ombe.

Mafuta ya magari hufuata mkondo huohuo kwa ukubwa wa meli. Baadhi ya masoko ya dunia hunukuu petroli kwa dola kwa tani. Mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, kila mwezi hutangaza gharama ya shehena kwa dola kwa mita ya ujazo. Dereva kituoni analipa shilingi kwa lita. Petroli yenye densiti ya kilo 0.745 kwa lita hutoa lita 1,342 kwa kila tani. Dizeli ya 0.84 hutoa 1,190 tu. Kwa hiyo bei za tani za petroli na dizeli zinaweza kulingana kule sokoni, lakini lita ya dizeli ikatoka ghali zaidi, kwa sababu tani yake ina lita chache. Na kwa kuwa mafuta hutanuka kwa joto, bohari za bandarini husoma densiti kwa haidromita na kurudisha ujazo kwenye joto moja lililokubaliwa kabla ya kuandikiana hati. Bila hivyo mzigo uleule ungekuwa na lita nyingi mchana na lita chache alfajiri.

Hadi hapa namba zote zinashikika. Ugumu huanza zinapokuwa ndogo mno.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linapendekeza kwamba vumbi laini la hewani, lile la chembe zisizozidi maikromita 2.5 ambalo hupenya hadi ndani ya mapafu, lisizidi wastani wa maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Kilo moja ina maikrogramu bilioni moja, kwa hiyo maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo ni kilo 0.000000005. Hewa yenyewe katika mita hiyo ina kilo 1.2. Vumbi linaloruhusiwa ni sehemu nne hivi kwa kila bilioni ya uzito wa hewa, na bado wataalamu wa afya wanalihesabu. Jikoni kwa kuni au mkaa, penye dirisha dogo, vipimo hupanda hadi mamia ya maikrogramu. Kifaa kingine kikiandika kwa miligramu, 300 itasomeka 0.3, na mama mwenye nyumba akionyeshwa 0.3 atadhani hewa yake ni safi. Anayepeleka kipimo kwa watu ana wajibu wa kuchagua kizio ambacho hatari inaonekana ndani yake.

Kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro suala ni floridi iliyomo kwenye maji. Watu wa Arusha wanayajua vizuri meno ya kahawia, na katika vijiji vingine hata mifupa ya watoto hupinda. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ripoti nyingine huandika gramu 1.5 kwa mita ya ujazo, nyingine maikrogramu 1.5 kwa mililita, na msomaji asiyezoea huona namba tatu za hatari tofauti. Ni kitu kilekile. Kutoka miligramu kwenda gramu ni mara elfu, kutoka lita kwenda mita ya ujazo ni mara elfu, juu na chini vinapanda pamoja na namba haisogei. Lile tangi la lita 1,000, likijazwa maji yaliyo kwenye kikomo kabisa, lina gramu moja na nusu ya floridi.

Sukari ya damu ina fumbo zaidi. Mgonjwa hupimwa kliniki moja akaambiwa 7, akaenda nyingine yenye mashine ya aina tofauti akaambiwa 126, akashtuka. Mashine ya kwanza huandika jibu kwa idadi ya molekuli, yaani milimoli kwa lita. Ya pili huandika kwa uzito, yaani miligramu kwa desilita. Milimoli moja ya glukosi ina miligramu 180, hivyo 7 ni miligramu 1,260 kwa lita, na desilita ni sehemu ya kumi ya lita: 126. Ndio mpaka ambao, kwa aliyepimwa akiwa hajala na kipimo kikirudiwa, daktari huanza kuita kisukari. Ukiigeuza kuwa kilo kwa mita ya ujazo unapata 1.26. Sukari iliyomo katika lita ya damu kwenye mpaka huo ina uzito karibu sawa na lita ya hewa tunayovuta.

Upande wa pili wa mizani ziko namba zinazotisha kwa ukubwa, na historia yake ni ya watu waliokataa kuziamini kwanza. Mwaka 1798 Mwingereza Henry Cavendish alitundika mipira ya risasi kwenye uzi, akapima jinsi ilivyovutana kwa nguvu ndogo ajabu, na kwa njia hiyo akapata densiti ya dunia nzima: mara 5.48 ya maji. Katika kujumlisha alikosea kidogo. Wengine walipopitia takwimu zake walipata 5.448. Kipimo cha leo ni 5.51. Mawe ya juu ya ardhi, kama matale, ni 2.7 hivi. Kwa hiyo ndani ya dunia lazima kuwe na kitu kizito zaidi ya mawe, na kitu hicho ni chuma.

Mwaka 1915 Walter Adams, akitumia darubini ya mlima Wilson huko California, alichunguza mwanga wa nyota ndogo inayoandamana na Sirius. Nyota hiyo ina uzito unaokaribia wa Jua, lakini umbo lake halipiti dunia yetu. Ukigawanya, unapata zaidi ya kilo bilioni mbili kwa mita ya ujazo. Iandike kwa vizio vidogo na akili inaishika vizuri zaidi: tani mbili na ushee katika kila sentimita ya ujazo, nafasi ya mchemraba mmoja wa sukari. Wanaastronomia wa wakati ule waliona ni upuuzi. Hadi fizikia mpya ya atomu ilipokuja, hapakuwa na namna ya kueleza maada kubanwa hivyo.

Ndani ya kiini cha atomu hali ni kali mara milioni mia zaidi. Huko wanafizikia hupima urefu kwa femtomita, ambayo ni mita iliyogawanywa kwa 1 yenye sufuri 15. Katika kila femtomita ya ujazo mna chembe 0.16 za kiini, yaani protoni na nyutroni. Inaonekana ni kama patupu. Lakini protoni moja ina kilo 1.67 × 10⁻²⁷, na femtomita ya ujazo, kwa kuwa ni mara tatu ya zile sufuri 15, ni mita ya ujazo 10⁻⁴⁵. Zidisha 0.16 kwa 1.67 × 10⁻²⁷, gawanya kwa 10⁻⁴⁵: kilo 2.7 × 10¹⁷ kwa mita ya ujazo. Kijiko cha chai cha maada hiyo kingekuwa na tani bilioni moja na zaidi. Nyota za nyutroni zimejaa kitu cha namna hiyo, kilomita nyingi kwenda chini.

Hapo kuna jambo ambalo kila anayeingia katika hesabu hizi hulikuta likimsubiri. Vizio vyenye majina madogo kabisa, uzito wa protoni na femtomita, huficha densiti kubwa kuliko zote. Vizio vyenye majina makubwa kabisa huficha utupu. Wanaastronomia hupima densiti ya galaksi kwa uzito wa Jua kwa parseki ya ujazo. Uzito wa Jua ni kilo 2 × 10³⁰, hakuna kizio kizito kama hicho katika maisha ya mtu. Lakini parseki ni mita 3.09 × 10¹⁶, na ikishazidishwa yenyewe kwa yenyewe mara tatu inakuwa mita za ujazo 2.9 × 10⁴⁹. Gawanya: Jua zima likitandazwa humo linatoa kilo 6.8 × 10⁻²⁰ kwa mita ya ujazo, sawa na atomu 40 tu za haidrojeni katika kila sentimita ya ujazo. Hakuna pampu ya kiwandani inayoweza kutoa hewa hadi kufikia utupu wa namna hiyo.

Kubadili vizio hivi hakuishii kwenye mazoezi ya darasani, kwa sababu kuna makundi mawili ya wanasayansi wanaotafuta kitu kimoja huku kila kundi likiandika kwa kizio chake. Kitu hicho ni maada ya giza, ile isiyoonekana kwa darubini yoyote lakini uvutano wake unaonekana kwa jinsi nyota zinavyozunguka ndani ya galaksi. Wanaastronomia, wakipima mwendo wa nyota zilizo jirani na Jua, huandika kwamba hapa tulipo ina uzito wa Jua kama 0.008 kwa parseki ya ujazo. Wanafizikia wa chembe, ambao hujenga vigunduzi vyao chini ya ardhi wakisubiri chembe moja igonge, huandika gigaelektronivolti 0.3 kwa sentimita ya ujazo. Karatasi mbili hizi zikiwekwa mezani pamoja zinaonekana hazihusiani kabisa.

Protoni moja ina uzito wa gigaelektronivolti 0.938, kwa hiyo 0.3 ni karibu theluthi ya protoni kwa sentimita ya ujazo. Hiyo ni gramu 5.3 × 10⁻²⁵. Zidisha kwa 1,000, kama tulivyofanya kwa chuma, upate kilo 5.3 × 10⁻²² kwa mita ya ujazo. Sasa shika upande wa wanaastronomia: 0.008 mara 6.8 × 10⁻²⁰ ni 5.4 × 10⁻²². Makundi mawili, njia mbili, namba moja. Na ukitaka kujua inamaanisha nini kwetu, ujazo wa dunia nzima, milima, bahari na kile chuma cha Cavendish vikiwemo, ni mita za ujazo 1.08 × 10²¹. Zidisha, na unapata kwamba maada ya giza iliyomo ndani ya dunia yote kwa wakati mmoja, kama makadirio hayo ni sahihi, haifiki hata kilo moja. Ni kama gramu 570.